Wembe wa kukunja na kutu: ukaushe tu, uupake mafuta, au uufunike kwa nta?

Mwezi wa Aprili mwaka juzi nilienda ushago kwa wiki mbili na kuuacha wembe wa marehemu babu ndani ya kikombe bafuni, pale pale ninapoweka mswaki. Nilikuwa nimeusuuza na kuupangusa kwa taulo, nikaona yametosha. Niliporudi Embakasi, hapa Nairobi, mvua bado inanyesha, niliufungua nikakuta vidoa vitano vya rangi ya majani ya chai. Vinne vilikuwa juu ya bapa, kimoja ukingoni kabisa mwa makali. Vile vinne vilitoka kwa kusuguliwa. Cha tano kiliacha kishimo usichokiona mpaka uuinamishe wembe kwenye mwanga wa dirisha, na nilipoupeleka kwenye jiwe la kunolea, makali yakameguka papo hapo. Nilinoa jioni tatu mfululizo ili nikipite kishimo kile. Chuma kilichoondoka hakirudi, na wembe wa babu haununuliki tena.

Ndipo nikaanza kuulizia, na kila niliyemuuliza alikuwa na dawa yake. Kinyozi mmoja mzee aliniambia mafuta ni ya wavivu, nikaushe tu. Fundi wa nguo akanielekeza kwenye mafuta ya cherehani. Jirani akaniletea mafuta ya mgando. Mwingine akasema nipulizie dawa ya kopo inayotumika gereji. Nimezijaribu zote, mvua za masika na za vuli, baridi ya Julai na jua la Januari, na naona kila mmoja wao alisema kweli kwa wembe wake na kwa maisha yake. Kwa hivyo nazipanga hapa bega kwa bega, ili aliyekwama kati yake apate pa kuanzia.

Kutu inaingilia wapi

Nyembe nyingi za kukunja tulizorithi, au zinazookotwa kwa bahati kwenye mitumba, zilitengenezwa Sheffield kule Uingereza, Solingen kule Ujerumani au Thiers kule Ufaransa. Nyingi ni za chuma cha pua chenye kaboni ya kama asilimia 1. Ni chuma kigumu, kinashika makali mazuri mno, na hakina kinga yake chenyewe dhidi ya maji. Makali ya wembe ulionolewa vizuri hayafikii unene wa maikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ilhali unywele wa kichwani una maikroni 50 hadi 100 hivi. Kutu ambayo kwenye panga ungeipuuza mwaka mzima, hapa inaharibu kazi kwa siku chache.

Chuma kinahitaji maji na oksijeni ili kishike kutu, na maji yenyewe si lazima yaonekane. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, utando mwembamba wa maji hujikusanya juu ya chuma na kutu huanza. Chumvi ikiwemo, mambo yanaenda mbio. Watu wa Nairobi hujipa moyo kwamba hapa si Mombasa, hewa yetu haina chumvi ya bahari. Ni kweli, lakini chumvi yetu inapitia mferejini. Ploti nyingi za Eastlands zinatumia maji ya kisima, yale tunayoyaita maji ya chumvi kwa sababu sabuni haitoi povu vizuri na birika inabaki na ukoko mweupe. Maji ya kanjo, yaani ya mfereji wa jiji, yanayotoka bwawa la Ndakaini, ni laini kuliko hayo. Ukiwa na mtungi wa maji ya kanjo nyumbani, wembe usuuze kwa hayo hata kama unaoga kwa ya kisima.

Halafu kuna Julai. Usiku joto linashuka hadi nyuzi 10 au 12, wembe uliolala kwenye rafu ya bafu unapoa kabisa, asubuhi mtu anaoga maji ya moto na mvuke unatua juu ya chuma kile baridi kama umande. Siku hiyo hukunyoa, hukuugusa wembe, na bado umelowa. Ndiyo sababu jambo la kwanza nililobadilisha, kabla ya mafuta yoyote, ni mahali: wembe ulihama bafuni ukaenda kwenye droo ya chumbani.

Pabaya kuliko pote ni pale ambapo kitambaa hakifiki, ndani ya mpini karibu na pini, ule msumari mdogo ambao wembe huzungukia unapokunjwa. Maji yanateremka humo wakati wa kusuuza, unaukunja wembe, unayafungia. Kikulacho ki nguoni mwako. Mipini ya kale ya seluloidi ina hatari yake ya ziada. Seluloidi ikianza kuoza kwa uzee hutoa mvuke wenye asidi ya nitriki, na mvuke huo unakula chuma kilicho karibu. Ukiona mpini umejaa nyufa ndogondogo kwa ndani, unanuka kafuri kali, na kutu inaota upande ule ule unaolala ndani yake, tenga wembe huo na wenzake. Njia zote ninazozitaja hapa chini hazitausaidia mpaka mpini ubadilishwe.

Ninavyopima

Kila njia nimeiuliza maswali matano. Inalinda kwa muda gani wembe ukiwa umelala? Ikigusa uso ina shida gani? Inataka kazi kiasi gani kabla na baada ya kunyoa? Inafanya nini kwenye mkanda wa ngozi wa kunolea na kwenye mpini? Na je, inapatikana Nairobi bila kuzunguka mji mzima? Swali la kwanza ndilo zito. Anayenyoa kila asubuhi na anayenyoa harusi kwa harusi hawawezi kutumia dawa moja, hata kama nyembe zao zimetoka kiwanda kimoja.

Kukausha tu

Njia hii naianza kwa sababu nyingine zote zimesimama juu yake. Mafuta yakipakwa juu ya maji huyafunika tu, na kutu inaendelea chini yake.

Fanya hivi. Wakati wa kusuuza, makali yaelekee chini na mpini uwe juu, maji yasipande kwenye pini. Chukua karatasi ya shashi, ikunje mara mbili, ishike juu ya mgongo wa wembe kwa kidole gumba na cha shahada, kisha sukuma kuelekea makali na kutokea nje. Usivute kamwe kufuata urefu wa makali. Utakata karatasi, kisha kidole. Upande wa pili vivyo hivyo. Kipande kingine kikunje kiwe chembamba kama utambi, kipitishe katikati ya mpini mpaka kigonge pini, kizungushe, kitoe. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo baada ya kuamini wembe umekauka, utambi ulitoka umelowa na una alama ya kahawia. Nilikaa nikaiangalia alama ile kwa muda. Miezi yote ile nilikuwa nakausha bapa na kuacha maji palipokuwa na hatari zaidi.

Baada ya hapo pitisha wembe kwenye mkanda mara kumi hivi, kisha uache wazi nusu, nje ya bafu, kwa saa moja kabla ya kuukunja. Kama una haraka, tone la spiriti kwenye pini hushika maji yaliyobaki na kukauka nayo upesi. Lisimwagikie mpini wa seluloidi wala mbao yenye vanishi, kwa sababu spiriti huzilainisha na kuzipaka ukungu.

Ulinzi wake ni wa siku moja hadi mbili wakati wa mvua, labda nne Januari na Februari hewa ikiwa kavu. Usoni haina neno, hakuna kilichopakwa. Kazi ni dakika tatu kila siku, na dakika hizo hazina msamaha: ukiruka siku moja, wembe utakuonyesha. Mkanda unaupenda wembe mkavu kuliko wembe wa namna yoyote nyingine. Gharama ni shashi.

Inamfaa anayenyoa kila siku au siku baada ya siku, mwenye utaratibu, anayelala nyumbani. Yule mzee kinyozi alikuwa sahihi kwa maana wembe wake haukuwahi kulala. Haimfai dereva wa masafa marefu, wala muuguzi wa zamu za usiku anayerudi amechoka na kuutupa wembe mezani.

Mafuta ya cherehani

Kwa yule fundi wa nguo wa mtaani kwetu mazungumzo yalikuwa mafupi.

“Mama, naomba mafuta ya cherehani, kichupa kidogo.”

“Cherehani ya aina gani, mwanangu?”

“Si ya cherehani, mama. Ni ya wembe wa babu.”

Aliacha kushona, akaomba auone. Akaupima kwa kidole gumba pale mgongoni, si kwenye makali, nikajua anajua vyuma. “Mkasi wangu huu una miaka mingi kuliko wewe,” akasema. “Kila jioni tone moja, nafuta mpaka nadhani nimeyamaliza. Yanabaki ya kutosha.”

Hilo ndilo somo lote la mafuta mepesi. Haya ni mafuta ya madini yaliyosafishwa, maangavu, membamba. Hayachachi wala hayagandi kuwa gundi kama ya kupikia, kwa kuwa hayana zile asidi za mimea zinazoharibika kwa hewa. Tone moja kwa kila upande wa bapa na nusu tone kwenye pini yanatosha. Yakionekana yanameremeta na kutiririka, umezidisha.

Wembe uliokauka vizuri kisha ukapakwa hivi unalala wiki tatu au nne bila wasiwasi. Baada ya hapo mafuta huwa yameteremka kwa uzito wake na kuacha sehemu za juu zikiwa tupu, kwa hivyo kila mwezi fungua, futa, paka upya. Kuhusu uso, mafuta ya madini yenyewe ni mapole, lakini haya ya cherehani hayakutengenezwa kwa ngozi, kwa hivyo safisha bapa kwa sabuni kabla ya kunyoa. Anayetaka aina iliyosafishwa zaidi, duka la dawa huuza likwidi parafini, mafuta yale yale yakiwa safi hadi ya kunyweka kama dawa. Ukiitaja dukani hakikisha hupewi mafuta taa, maana baadhi ya watu huyaita hayo nayo parafini. Mafuta ya watoto pia ni ya ukoo huu, pamoja na manukato juu yake.

Ugumu upo kwenye mkanda. Ngozi ikinywa mafuta inateleza, wembe unapita juu yake bila kunyooka makali. Lazima ufute bapa kabla ya kulipitisha, kila mara. Kwenye pini, kinyume chake, mafuta haya ni baraka, kwa sababu yanajipenyeza mahali ambapo vidole na shashi havifiki.

Yanamfaa anayenyoa mara moja au mbili kwa wiki, mwenye nyembe mbili tatu anazozizungusha, na mtu yeyote wa maji ya chumvi. Kama umepata wembe leo na hujajua utautumia mara ngapi, hapa ni mahali pa heri pa kuanzia, si kwa sababu njia hii inazishinda nyingine, ila kosa lake ni rahisi kurekebishwa.

Mafuta ya mgando

Mwaka 1872 Mmarekani Robert Chesebrough alisajili hataza ya Vaseline. Mafuta ya mgando ni ndugu wa yale ya cherehani, mazito tu, na uzito huo ndio faida yake na ndio kero yake. Yanakaa pale ulipoyaweka. Wembe nilioupaka mwezi wa Machi na kuufungia kwenye mkebe niliufungua Septemba, ukiwa umepita masika na baridi nzima, bila doa.

Yapashe moto kidogo kati ya vidole, yapake kwa pamba au mswaki mchakavu wa mtoto, usipitishe kidole karibu na makali. Chagua yasiyo na manukato wala rangi. Yale ya kunukia yaliyojaa madukani yana vitu vingine ndani ambavyo wembe hauvihitaji.

Shida inakuja siku ya kunyoa. Kuyatoa kunataka maji ya moto na sabuni, au kitambaa na spiriti, tena na tena, na kila unapofuta kitu kinachoteleza karibu na makali unajihatarisha. Yakibaki kidogo, mkanda unaharibika kuliko kwa mafuta mepesi, kwa sababu utando wake unashikilia vumbi na vumbi linakwaruza makali. Ndani ya mpini yanaziba nafasi, yananasa vinywele na sabuni, na baada ya miezi utatoa uji wa kijivu. Kwa hiyo mimi pini naitilia mafuta mepesi, ya mgando yanaishia kwenye bapa. Usoni hayana tatizo lolote, watu wanajipaka kila siku.

Kuyapata si kazi, kioski chochote unacho karibu. Yanamfaa anayeweka wembe kwa miezi, anayesafiri kikazi nje ya nchi, na zaidi ya wote anayeupeleka Mombasa, Malindi au Lamu. Hayamfai mtu wa kila siku. Atachoka kabla ya mwezi kuisha, na akishachoka ataacha kila kitu.

Nta

Nta inafanya kazi tofauti. Badala ya utando wa majimaji, unapata ganda kavu lisiloonekana, lisiloshika vumbi wala kuacha alama mkononi. Wahifadhi wa makumbusho wanaijua: Renaissance Wax, nta ya madini wanayopakia silaha na vyuma vya kale, ilibuniwa kwenye maabara za British Museum miaka ya 1950. Hapa kwetu itabidi uiagize kutoka nje, na kikopo kidogo kinadumu miaka.

Ya karibu zaidi ni nta ya nyuki, ambayo wauza asali wanaokamua wenyewe huwa nayo. Yenyewe peke yake ni ngumu kusambaza, kwa hivyo watu huiyeyusha na mafuta ya madini, sehemu moja ya nta kwa nne za mafuta. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, basi iweke kwenye kikombe cha chuma kilichosimama ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ina kasoro moja ambayo lazima niitaje: nta ya nyuki ina asidi kidogo ya asili, na ndiyo maana watu wa makumbusho waliiacha wakaenda kwenye ya madini. Kwa mwaka mmoja au miwili sijaona dhara lake. Kwa wembe utakaowekwa kabatini miaka kumi, ningegharamia ile nyingine.

Ulinzi wake ni wa miezi mingi mradi wembe hauguswi; ukinyoa mara moja, ganda linaondoka na unaanza upya. Uso hauna neno na nta. Kazi yake ni ya taratibu, unapaka kidogo, unaacha dakika chache, unang'arisha kwa kitambaa laini, ukikaa mbali na makali, kwa sababu huko nta ni uchafu tu. Makali yenyewe yape mafuta mepesi. Mpini wa pembe au wa mbao unaipokea nta vizuri kuliko kitu kingine chochote katika orodha hii, na hapo ndipo ninapoitumia zaidi.

Inamfaa mkusanyaji, na mwenye wembe wa kumbukumbu unaoshikwa na wageni. Jasho la vidole lina chumvi. Wembe unaopokezanwa mikononi unapata alama za vidole zilizochorwa kwa kutu, na ganda la nta linazizuia.

Kopo la kupulizia

WD-40 ina wapinzani wengi kati ya wapenda nyembe, na nadhani inaonewa. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa kusudi hili hili la kuzuia kutu, na jina lake ni kifupi cha “Water Displacement”, yaani kusukuma maji, jaribio la 40. Kazi ya kwanza iliyoipa sifa ilikuwa kulinda ngozi ya nje ya makombora ya Atlas ya Marekani. Kusukuma maji ndiko inakokujua. Wembe ukidumbukia kwenye karai, maji yakaingia hadi kwenye pini, na hakuna wakati wa kukausha, pulizia pale pini ilipo na yatatoka.

Ila sehemu kubwa yake ni kiyeyushi kinachoruka hewani, na utando unaobaki ni mwembamba. Nimeona unatosha siku kadhaa, labda wiki mbili, muda mfupi kuliko wa mafuta ya cherehani. Haikutengenezwa kwa ngozi na harufu yake inang'ang'ania, kwa hivyo bapa lioshwe kwa sabuni kabla halijakaribia uso. Ikifika kwenye mkanda, mkanda umekwisha. Mpini wa kale pia nauepusha nayo. Inapatikana kila supamaketi kubwa na kila duka la vipuri vya magari la Kirinyaga Road. Inamfaa anayesafisha nyembe kuukuu alizozinunua zikiwa zimeganda, na inafaa kama msaada wa dharura kwa kila mtu mwingine. Baada yake, paka mafuta ya kweli.

Kubadilisha chuma chenyewe

Wapo watakaosoma yote haya na kusema hawana subira nayo, na hilo si kosa. Chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley alikipata Sheffield mwaka 1913, kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na kromiamu hiyo hujijengea utando wa kinga unaojirudia ukikwaruzwa. Kwenye wembe wa Kijerumani tazama shina, pale jina la kiwanda lilipochapwa: neno “Rostfrei” ndilo hilo, kama ilivyo “Inox” kwenye wa Kifaransa. Ukiona “Friodur”, jina la kiwanda cha Zwilling, umepata wembe wa aina hiyo wenye heshima yake. Unalala wiki bila mafuta, uso na mkanda havina malalamiko. Kuunoa kunataka uvumilivu zaidi, wengi wanauona hivyo nami nakubaliana nao, na kuupata hapa Nairobi ni kuagiza au kubahatisha. Pini yake ikausheni hata hivyo, maana chumvi na klorini huushinda hata utando ule.

Vitu vya kuweka mbali

Mafuta ya kupikia, hasa ya alizeti na ya mahindi, yanachacha na kuwa gundi ya manjano. Ya nazi yanachacha polepole zaidi, lakini yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, na Nairobi huwa chini ya hapo asubuhi nyingi za mwaka. Utapaka Mombasa yakiwa maji, hapa yatakuwa vibonge.

Jiki ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Katika kinyozi kimoja nilichokuwa nakwenda, kijana aliutumbukiza wembe wangu kwenye glasi ya jiki ili kuua wadudu, kwa nia njema, akaenda kupokea simu. Dakika ishirini. Bapa lilitoka limefanya weusi wenye vijishimo kama ndui. Jiki inaunguza chuma na kukiachia chumvi ndani ya vidonda. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja, na ukitaka kuusafisha, tumia sabuni kisha spiriti. Kinyozi anayehudumia watu wengi anahitaji ule unaobadilishwa kijembe kwa kila mteja, na hapo mjadala wa kutu haumhusu sana.

Kasha la ngozi nalo ni la safarini tu. Ngozi inashika unyevu na kuukumbatia wembe usiku kucha. Kwa kuhifadhi, mkebe wenye kifuniko kinachobana pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu ni bora, ila vifuko hivyo huwa vimeshashiba unyevu vinapokufikia. Zimwage chembe zenyewe kwenye trei, zikaushe kwenye jiko la kuokea kwa nyuzi 120 saa mbili tatu, kisha zifunge ndani ya kitambaa chepesi. Mkebe usiofunga vizuri unazishibisha tena kwa wiki.

Kwa hali yako

Unanyoa kila asubuhi na maji yako ni ya kanjo: kausha tu, pitisha kwenye mkanda, na pini itilie tone la mafuta ya cherehani kila Jumapili.

Unanyoa kila asubuhi lakini maji ni ya kisima: fanya vivyo hivyo, ila usuuzaji wa mwisho uwe wa maji ya kanjo au ya mvua, na kuanzia Machi hadi Mei, kisha Oktoba hadi Desemba, paka bapa mafuta mepesi kila usiku.

Unanyoa Jumamosi kwa Jumamosi: mafuta ya cherehani, na droo ya chumbani.

Unakwenda ushago kwa mwezi, au wembe unaenda Pwani: mafuta ya mgando kwenye bapa, mepesi kwenye pini, mkebe unaobana.

Ni wembe wa marehemu, hautanyoa mtu tena: nta, ya madini ukiweza, na ufungue uutazame mwanzo wa kila msimu wa mvua.

Huna muda wala moyo wa yote haya: tafuta wenye “Rostfrei” shinani.

Na kama vidoa tayari vipo, vishughulikie kabla ya kuchagua njia yoyote. Vya rangi ya kahawia au chungwa vinaondoka kwa dawa ya kung'arisha vyuma na kitambaa laini, ukisugua kutoka mgongoni kuelekea makali, msasa usiutumie. Madoa ya kijivu na weusi laini yasiyokwaruza kucha ni utando uliotulia, yaache yalivyo. Wa babu yangu una doa moja kama hilo karibu na shina, lina umbo la kidole gumba kikubwa kuliko changu.